Ponsian Amekosa Kula

Mirongo, Mwanza
4 Septemba 1974

Mpendwa Shangazi Felicitas,

Shikamoo. Nakupigia magoti kwa kalamu, maana ziwa limekaa katikati yetu na magoti yangu mwenyewe hayafiki Kamachumu. Hapa tunaamka salama. Kazi kiwandani inakwenda, mashine yangu ya kufumia nguo haijaharibika tangu Juni, na mwenzangu wa chumbani, Shimba, yule Msukuma anayecheka hata akinyeshewa, anakusalimu sana. Anasema siku moja atakuja huko kuona watu wanaokula ndizi asubuhi, mchana na jioni na bado wanajiita wameshiba.

Sasa Shangazi, nikuambie lililonishikisha kalamu. Mwishoni mwa Januari kutakuwa na Mbio Kuu za Baiskeli, kutoka Mwanza mpaka Dar es Salaam, siku kumi na mbili. Klabu yetu ya Mirongo itapeleka watu sita. Sisi tuko kumi. Nataka kuwa mmoja wa hao sita kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote, na wewe ndiye wa kwanza kuambiwa kwa sababu baiskeli nitakayopanda ni ile uliyonipa, ya marehemu mzee Severine.

Anayetufundisha ni mzee Rasik, mwenye duka la baiskeli hapa mtaani. Ujanani alikuwa mkimbiaji wa baiskeli, na hata sasa akiona mtu anakanyaga pedali kwa visigino anaumwa kichwa. Yeye anasema hakuna mtu anayetoka kitandani akaenda Dar. Kwanza tukimbie mbio mbili ndogo za hatua. Za kwanza ni Oktoba, siku tatu: Mwanza hadi Magu, Magu hadi Bunda, Bunda hadi Musoma. Za pili ni Desemba. Mbio za hatua maana yake unakimbia leo, unalala, kesho unakimbia tena, kisha muda wako wote unajumlishwa. Mzee Rasik anasema siku ya kwanza hata mtu mwenye hasira tu anaweza kushinda. Siku ya pili ndipo mwili unapoulizwa maswali. Baada ya hapo ndipo wale sita watajulikana.

Niombee, Shangazi. Na nisalimie kila anayeniulizia.

Mwanao,
Ponsian Rweyemamu

---

Kamachumu, Ziwa Magharibi
22 Septemba 1974

Mwanangu Ponsian,

Marahaba. Magoti ya kalamu nimeyapokea, ya miguu bado nayangoja. Barua hii naiandika mwenyewe, herufi kwa herufi, kwa hiyo ukiona mstari umepanda mlima ujue ni mkono wangu. Tangu nimalize darasa la watu wazima simpelekei tena katekista barua zangu anisomee. Siku hizi unaweza kuniandikia hata siri. Mwalimu wetu alitufundisha jambo moja ambalo silisahau: soma kilichoandikwa, usisome unachodhani.

Dada yako Jovitha amejifungua mtoto wa kike, wote wawili wazima. Ng'ombe naye amezaa, dume. Migomba inasimama vizuri, mvua haijatukimbia kama tunavyosikia imewakimbia wenzetu wa huko. Mwenyekiti anatuhimiza tulime kwa kufa na kupona, nasi tunalima, ila kufa kwenyewe tumekuahirisha kwanza.

Kuhusu hizo mbio zako. Kukimbia leo, kulala, na kukimbia tena kesho, sisi wanawake tunakuita kulima, na hatujawahi kupewa zawadi. Marehemu mume wangu alibeba kahawa na ndizi kwa baiskeli ile mpaka chama cha ushirika miaka yote ya ndoa yetu, na sikumsikia hata siku moja akishindana na mtu. Nasikia umeing'oa keria. Keria ile aliichomelea mwenyewe, Ponsian. Nimesema tu.

Lakini sikukatazi. Ukishikilia jambo unalolitaka namna hiyo, mimi ni nani hata nikubandue? Ila umeniandikia mashine, umeniandikia Shimba, umeniandikia mzee wa Kihindi anayeumwa kichwa, chakula hukuandika. Unakula nini? Tunasikia huko watu wanapanga foleni ya unga.

Matokeo ya hizo mbio za Oktoba yakitoka, usingoje barua. Nipigie simu ya maandishi, ije posta, niisome mwenyewe.

Mimi shangazi yako,
Felicitas

---

Mirongo, Mwanza
27 Oktoba 1974

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Hongera kwa mjukuu, na hongera kwa ng'ombe pia. Hapa sote wazima.

Mbio za kwanza zimekwisha. Tulifika Musoma wote kumi, hakuna aliyevunjika. Laiti ungeiona nchi ile: kulia mbuga tupu, kushoto ziwa linatokeza, linajificha, linatokeza tena. Siku ya pili kulikuwa na upepo. Chenge, huyu ndiye mwenye mbio kuliko sisi sote, alishika nafasi ya pili kwa watu wa mikoa yote miwili, wa kwetu na wa Musoma.

Kuhusu wale sita, kamati bado ina mambo yake. Wewe usijali.

Chakula kipo. Kuna unga wa njano, huu watu wanauita yanga, ukiuzoea unashibisha. Ndama anaendeleaje? Mmempa jina gani?

Mwanao,
Ponsian

---

Kamachumu
17 Novemba 1974

Ponsian,

Huna marahaba kwa sababu sijapata shikamoo. Barua yako haijafika; wanasema meli iko matengenezoni na mizigo ya posta imelala gatini. Lakini simu yako imefika. Nainakili hapa kama ilivyo, ili usije ukasema nimesoma ninachodhani:

PONSIAN MZIMA AMEKOSA KULA BARUA INAFUATA

Niliisoma nikiwa nimesimama pale posta. Nikaisoma tena. Karani akaniuliza, mama, ni msiba? Nikamwambia afadhali ya msiba, huko watu huwa wanapika.

Mtoto niliyemlea mimi, amekosa kula. Mtoto aliyekuwa akimaliza ndizi zake anaangalia za mwenzake. Halafu unanipigia simu unaanza na neno "mzima". Mzima gani asiyekula? Nilikuuliza mwezi wa tisa unakula nini. Sikujibiwa, na sasa najua kwa nini sikujibiwa.

Binti wa jirani anarudi Mwanza kwenye masomo ya uuguzi kwa meli ya kwanza itakayoondoka. Nimempa gunia, atalileta mpaka mlangoni kwako. Ndani kuna ndizi kavu, nimezianika mwenyewe juu ya bati mpaka zikawa ngumu kama mkaidi fulani ninayemjua. Kuna maharage, kuna karanga, kuna asali kwenye chupa ya mchuzi, na kuna kahawa ya kutafuna, uiweke mfukoni ukisikia usingizi au uchovu.

Na kuna kifurushi cha majani ya mgomba. Hao ni senene. Walianguka wengi wiki mbili zilizopita, kijiji kizima kilikuwa nje. Nimewatoa mbawa na miguu, nimewakaanga kwa chumvi, nimewafunga. Nina misimu mitatu sijatoka kukamata senene. Mwaka huu nimetoka. Usiniulize kwa nini.

Kula, Ponsian. Mbio zipo tu.

Shangazi yako

---

Kamachumu
10 Desemba 1974

Mwanangu,

Uko kimya. Binti amerudisha habari kwamba gunia ulilipokea kwa mikono yako na ukamshukuru vizuri. Mimi je?

Jana barua yako ya Oktoba imefika. Imesafiri kuliko wewe. Ndani yake unasema chakula kipo. Simu inasema umekosa kula. Nani mwongo, wewe au posta?

Ndama anaitwa Musoma. Ni Jovitha aliyempa. Naye hajui kukaa mahali pamoja.

Felicitas

---

Mirongo, Mwanza
22 Desemba 1974

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Na shikamoo ya pili, hii ni ya kuomba radhi.

Posta si waongo. Mimi pia si mwongo kamili. Niache nieleze polepole, kisha unigombeze kwa raha zako.

Katika klabu yetu watu hawachaguliwi na mzee Rasik. Alitaka, lakini kamati ikamwambia mambo ya mtu mmoja kuamua yamekwisha, sasa ni kura. Baada ya mbio za Oktoba tulipiga kura, sote kumi na yeye wa kumi na moja. Watano wakapatikana, Chenge wa kwanza, Shimba wa tano. Nafasi ya sita ikaachwa mpaka mbio za Desemba. Mimi sikupata hata moja. Kura, Shangazi. Kwa herufi r.

Niliona aibu. Nikampa Shimba maneno ya kupeleka posta: Ponsian mzima, barua inafuata. Basi. Lakini Shimba ana moyo mweupe, njiani akaona si haki shangazi wa mtu kufichwa, akaongeza la kwake kwamba nimekosa kura. Sasa wewe unawajua watani zetu Wasukuma, kwao r bado haijazaliwa. Karani aliandika alichokisikia. Gunia lilipofika ndipo Shimba akaniambia alichofanya, na barua yako ndiyo iliyotuonyesha alichosema.

Ningekuandikia siku ile ile kwamba kuna kosa. Lakini nilikuwa nimekipakata kile kifurushi, na ufungaji wako naufahamu, Shangazi, nyuzi za mgomba zinazunguka mara mbili na fundo linakaa pembeni. Nimekaa nyumbani kwako, najua senene wanakamatwa na nani na wanafungiwa nani. Nilimwona mzee Severine kila msimu akipokea cha kwake kwa mikono miwili, na baada ya siku chache analeta nguo. Najua pia kwamba tangu azikwe ulikuwa unafunga mlango wenzako wakitoka. Sikujua niandike nini. Nilikula, nikalia kidogo, nikala tena. Shimba alitoka nje, akasema anakwenda kuangalia mvua, na mvua haikuwapo.

Halafu, nikiwa nimeshiba, nikaona jambo. Simu ilisema kweli. Ile siku ya pili, Magu kwenda Bunda, nilikuwa na chai ya rangi na kipande cha muhogo tangu asubuhi, na siku zote za mazoezi nilikuwa hivyo hivyo. Katikati ya njia miguu ikaisha. Haikuuma, iliisha tu. Nikakaa kando ya barabara naangalia cheni ya baiskeli kama mtu anayeangalia kitu cha jirani. Nilifika Bunda wa mwisho, mzee Rasik akiwa ameshafunga vyombo vyake. Nikamwambia ni pancha. Kwa hiyo nilikosa kura kwa sababu nilikosa kula, na wa kwanza kulijua ulikuwa wewe, kwa kosa la karani.

Sasa mbio za pili. Zilikuwa siku nne, kwenda Shinyanga kwa siku mbili na kurudi kwa siku mbili. Nilirudi kwenye banda tunakoweka baiskeli nikaitafuta keria ya marehemu, nikaifunga tena kwa nati zake zile zile. Juu yake nikafunga gunia lako. Wenzangu wote walikuwa wametoa mpaka madigadi na kengele ili wawe wepesi. Mzee Rasik aliponiona akauliza, "Ponsian, wewe unakwenda kushindana au kufungua duka?" Nikamwambia yote mawili.

Nilijua mbio sishindi. Lakini nilikuwa nimejifunza mwili unavyoisha, na nilijua wenzangu wanakula kama nilivyokuwa nakula mimi. Kila tulipopita kijiji nilikuwa nagawa. Ndizi moja kavu kwa huyu, karanga kwa yule, asali kwa kizibo. Siku mbili za kwanza walinicheka. Walikula huku wananicheka.

Siku ya tatu mvua ilinyesha na ile mbuga yenye udongo mweusi ikageuka tope. Magurudumu yalikataa kuzunguka, tukabeba baiskeli begani. Tulipotoka kwenye tope nikamwona Chenge. Alikuwa mbele, kisha akawa katikati, kisha akawa amesimama kabisa, anaangalia cheni yake. Nikashuka. Wengine walipita, na yule Antoni tuliyekuwa tunagombea naye nafasi ya sita akapita pia, nikamwona mgongo. Nikampa Chenge kahawa atafune, nikampa asali, nikafungua kifurushi nikamtilia senene mkononi. Akaniuliza, "Wadudu hawa?" Nikamwambia, "Hawa ni watu wa kwetu, kula." Akala, akataka tena. Nilikaa naye mpaka rangi ya uso ikamrudia, kisha nikaendesha mbele yake kumkinga upepo mpaka mwisho wa siku. Nikafika wa nane.

Siku ya nne Chenge alishinda. Aliingia Mwanza peke yake.

Jioni ya kura nilikaa karibu na mlango ili nitoke mapema. Muda wangu ulikuwa mbaya, Antoni alinizidi mbali. Nilikuwa nimeshaanza kuandika barua hii kichwani, ile ya kukuambia nimekosa tena. Mzee Rasik akasema kila mtu ataje jina kwa sauti. Shimba alikuwa wa kwanza. Akasimama, akajinyoosha, akasema, "Kula yangu ni Ponsian."

Walicheka mpaka mzee Rasik akagonga meza kwa spana. Kisha Chenge akasimama akasema, na yangu pia, na ya kwangu naitamka kwa l vilevile. Ikazunguka chumba kizima namna hiyo, kula yangu, kula yangu, hata Antoni. Mzee Rasik wa mwisho. Akasema mbio ndogo kazi yake ni kumwonyesha mtu anachokosa wakati bado kuna muda wa kukitafuta.

Ninakwenda Dar es Salaam, Shangazi. Wa sita, mwenye keria.

Zawadi ya mshindi ilikuwa doti ya kitenge kutoka kiwandani. Siku ya nne nilikuwa nimewagawia wote senene waliobaki, nikawasimulia njiani kuhusu senene na nguo, ili wasiwaite tena wadudu. Chenge akanipa ile doti. Akasema, kama ndiyo desturi, basi wanaume kumi tumekula senene wa mama yule na nguo ni moja tu, atusamehe. Imo ndani ya furushi hili. Ipokee.

Ahsante kwa baiskeli, ahsante kwa keria, ahsante kwa kutoka nje mwaka huu.

Mwanao,
Ponsian

---

Kamachumu
12 Januari 1975

Mwanangu Ponsian,

Marahaba, zote mbili. Na nyingine ya akiba.

Barua yako niliisoma mara tatu, ya tatu kwa sauti, Jovitha akiwa ameshika ubavu kwa kucheka. Mpe Shimba salamu zangu. Mwambie mimi pia nilikosea, nilimdhani mtu wa kucheka tu. Nilipeleka ile simu kwa mwalimu wetu wa jioni, akaiandika ubaoni, kula upande huu na kura upande huu, akawaambia wanafunzi wapya waone jinsi herufi moja inavyoweza kusafirisha gunia kuvuka ziwa. Nilikaa mbele kama bibi harusi.

Kitenge kimefika. Nimekishona gauni, nikalivaa Jumapili kanisani. Wanawake wakaniuliza, Felicitas, nguo mpya, nani kakupa? Nikasema, wanaume kumi wa Mwanza. Padri alikohoa.

Sasa nikuambie nililokukataza kuuliza. Tangu mume wangu afe, kila senene wakianguka nilikuwa nasikia wenzangu wanavyoitana nje, nami nakaa ndani nikijiambia, niwakamatie nani? Mila yetu haikuniruhusu kuwala mwenyewe, ingawa wasichana wa siku hizi wanawala barabarani bila haya. Ile simu ilipokuja nilitoka mbio na kikapu kabla sijafikiri. Nilipokuwa nawatoa mbawa ndipo nikagundua kwamba naimba. Kwa hiyo usinishukuru peke yako. Mimi ndiye niliyekuwa na njaa zaidi.

Nimefurahi keria imerudi mahali pake. Marehemu angependa kuiona inaingia Dar es Salaam na mzigo juu. Binti wa jirani anakuletea ndizi kavu nyingine na karanga, na asali kidogo. Senene wamekwisha, mtangoja msimu. Gawa kama ulivyogawa, lakini wewe anza, maana mgawaji akianguka wote wanalala na njaa.

Nitashuka gatini Mwanza kwa meli itakayofika siku moja kabla ya mbio. Nitavaa gauni langu, hutashindwa kunitambua. Magoti utayapiga hapo hapo, mbele ya Shimba.

Na huko njiani, siku hizo kumi na mbili, ukikosa kitu, kiwe cha l au kiwe cha r, usimtume mtu. Niambie mwenyewe.

Shangazi yako,
Felicitas